Pedali Inayozama Baada ya Kubadilisha Drami Kuwa Diski

Land Rover Series zilizobaki kwenye mashamba ya Njoro na Molo, pamoja na Land Cruiser za miaka ya 1960, zilitoka kiwandani zikiwa na drami kwenye magurudumu yote manne. Ukivuka kijito, drami hujaa maji, na gari huvuta upande mmoja au halishiki kabisa mpaka shuu, zile zinazosugua ndani ya drami, zikauke. Ndiyo sababu wenyewe hutafuta diski za gari la baadaye na kalipa zake, yaani vibanio vinavyozibana, wakaagiza braketi ichongwe jua kali, breki za mbele zikageuzwa. Kazi hiyo ikifanywa vizuri, gari husimama hata likiwa limetoka majini sasa hivi. Lakini malalamiko ya siku ya kwanza ni yale yale, Nakuru hata Kisumu: pedali inashuka hadi karibu na sakafu ndipo breki zishike.

Jibu la haraka la karakana nyingi ni kutoa hewa kwenye paipu za breki. Hewa inatolewa mara moja, mara mbili, lita ya tatu ya fluidi inaisha, na pedali iko pale pale. Pedali ya chini ni tatizo la ujazo. Kila milimita ambayo pistoni inasogea bure inadai fluidi, na deni hilo hulipwa kwa mwendo wa pedali. Hewa ni mdai mmoja tu. Wengine ni shuu za nyuma zilizolegea, diski inayoyumba, beringi yenye mchezo, fimbo fupi ya masta (pampu inayosukumwa na pedali), na masta yenyewe kuwa ndogo kuliko kalipa iliyopewa kulisha. Kabla ya kufungua nipeli (skrubu ya kutolea hewa) tena, jua ni nani anayedai.

Sikiliza mguu kwanza

Zima injini. Kama gari lina busta, kisaidizi cha mguu kinachotumia vakyumu, kanyaga mara tano au sita hadi vakyumu iishe. Sasa kanyaga polepole, shikilia kwa nguvu ya kawaida kwa nusu dakika, na uangalie pedali inafanya nini.

Ikiwa mkanyago wa kwanza uko chini, lakini wa pili na wa tatu wa haraka unapandisha pedali hadi juu na inakuwa ngumu kama jiwe, kuna nafasi mahali fulani: shuu ziko mbali na drami, au pedi zimesukumwa mbali na diski. Pedali yenye hewa nayo hupanda ukiipampu, ila hata ikipanda hubaki na mruko, kama unakanyaga mpira wa miguu. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayookoa siku nzima ya kazi, na mguu hujifunza haraka.

Ikiwa ni ya chini, ngumu, na kupampu hakuibadilishi hata kidogo, tazama fimbo na viungo vya pedali. Ikiwa ni nyepesi, ndefu, na gari hata hivyo linasimama kwa nguvu, masta ni ndogo.

Ikiwa inashika juu halafu inazama taratibu chini ya mguu, fluidi inatoroka. Ama inavuja nje, na utaona unyevu kwenye nati au nyuma ya gurudumu, ama inapita ndani ya masta kando ya sili zilizochoka. Masta ya zamani iliyokaa miaka ikitembea nusu ya urefu wake hupata kutu sehemu isiyoguswa. Siku ya kutoa hewa pedali inapigwa hadi chini, sili zinapita juu ya kutu hiyo na kukwaruzika. Masta iliyokuwa nzima asubuhi inakuwa mbovu jioni. Weka kipande cha mbao chini ya pedali wakati wa kutoa hewa ili isifike mwisho, au fungua masta uikague kabla ya kuanza.

Kuna jambo moja ambalo si ugonjwa: ukiwasha injini huku mguu uko kwenye pedali, ikashuka kidogo, busta inafanya kazi yake.

Bana hosi ujue upande wa kosa

Hiki ndicho kipimo chenye faida kuliko vyote, na kinachukua dakika kumi. Gari la aina hii huwa na hosi tatu: mbili za mbele na moja ya kati inayokwenda kwenye ekseli ya nyuma. Bana zote tatu kwa klampu zenye midomo ya mviringo. Koleo la meno linakata nyuzi za ndani, na hosi ya namna hiyo hupasuka wiki inayofuata ukiwa umeshasahau. Hosi iliyopasukapasuka nje au iliyofumwa kwa chuma isibanwe. Kwa hizo, funga matundu ya masta kwa plagi ngumu zenye nyuzi sahihi.

Kanyaga. Ikiwa pedali sasa iko juu na ngumu, masta, fimbo na paipu za juu ni nzima. Achilia klampu moja, kanyaga tena. Ile inayoifanya pedali ishuke kuliko nyingine ndiyo njia ya kufuata. Kalipa za mbele zishushe pedali kiasi kinacholingana, kulia na kushoto. Kushoto ikishusha mara mbili ya kulia, shughulika na kushoto peke yake.

Ikiwa hosi zote zimebanwa na pedali bado inashuka, acha magurudumu yalivyo. Kosa liko juu: hewa ndani ya masta, sili, au fimbo.

Neno kuhusu nyuzi za nati, kwa kuwa hapa ndipo watu huchanganya spea za nchi tatu kwenye gari moja. Nati za Kijapani na za Ulaya kwa paipu ya milimita 4.75 huwa M10×1.0. Land Rover za zamani hutumia 3/8 UNF yenye nyuzi 24 kwa inchi. Kipenyo cha 3/8 ni milimita 9.5, basi nati hiyo inaingia kwenye tundu la M10, inazunguka, hata inaonekana kukaza, kisha inaachia ukikanyaga kwa nguvu. Midomo ya paipu nayo haifanani: mmoja umekunjwa mara mbili kama faneli, mwingine una umbo la uyoga. Mdomo wa faneli kwenye kiti cha uyoga huvuja kidogo sana, kiasi cha kutoona tone, na unaweza kuhangaika na pedali siku tatu. Tena, paipu ya shaba laini ya friji isiingie kwenye breki hata kama ndiyo iliyoko dukani. Tumia ya chuma au ya mchanganyiko wa shaba na nikeli iliyotengenezewa breki.

Nipeli iko juu au chini?

Piga magoti utazame kila kalipa. Nipeli ya kutolea hewa lazima iwe sehemu ya juu kabisa ya chumba cha fluidi. Kalipa nyingi hukubali kufungwa upande wowote, hivyo ya kulia ikifungwa kushoto inakaa sawa, bolti zinaingia, gurudumu linazunguka, ila nipeli iko chini. Hewa hukaa juu ya tundu, na hata ukipitisha lita tano haitatoka. Hili ndilo kosa la kwanza la kutafuta pale pedali ina mruko ambao hauishi.

Dawa ni kubadilishana kalipa upande kwa upande. Kama hosi au braketi haziruhusu, ng'oa kalipa, weka kipande cha mbao au chuma chenye unene wa diski katikati ya pedi ili pistoni zisiruke, inua kalipa hadi nipeli itazame mbinguni, toa hewa, kisha uirudishe. Inafanya kazi, lakini kila anayekuja baadaye atalazimika kufanya vivyo hivyo na hataambiwa. Afadhali braketi ichongwe upya.

Braketi iliyogeuza kalipa nyuzi 30 au 40 kutoka mkao wake wa asili huleta shida ile ile kwa siri zaidi. Nipeli inaonekana iko juu, kumbe kona ya chumba iko juu zaidi. Gongagonga kalipa kwa nyundo ya mpira wakati wa kutoa hewa. Mapovu yakizidi kutoka kila ukigonga, kuna kona inayoyaficha.

Drami za nyuma, ambazo kila mtu husahau

Diski zimefungwa mbele, akili yote iko mbele. Nyuma shuu ni zile zile, hazijaguswa tangu zamani, na kwa drami zisizojirekebisha zenyewe ziko mbali na ukuta wa drami. Tufanye hesabu. Wili silinda (pampu ndogo inayosukuma shuu) ya inchi 1 ina eneo la milimita za mraba 507 kwa kila pistoni. Magurudumu mawili yana pistoni nne. Kila pistoni ikisafiri milimita 2 za ziada kabla shuu haijagusa, zinatakiwa sentimita za ujazo 4 na zaidi kidogo. Masta ya inchi 7/8 ina eneo la milimita za mraba 388, basi hiyo ni milimita 10.5 za mwendo wa masta. Pedali yenye wenzo wa 4 kwa 1, yaani inayosogea mara nne ya masta, inashuka sentimita 4 kwa ajili hiyo tu. Wenzo wa 6 kwa 1, sentimita 6. Bado diski za mbele hazijadai chochote.

Kipimo chake ni rahisi: vuta hendibreki hadi ikaze, kisha kanyaga. Pedali ikipanda ghafla, shuu za nyuma ndizo zenye nafasi. Ila kipimo hiki hakina maana kwenye Land Rover Series wala Land Cruiser za awali, maana hendibreki yao inashika shafti nyuma ya giaboksi, haigusi magurudumu. Kwa hizo, inua ekseli ya nyuma kwenye stendi, weka magogo mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, geuza kirekebishi hadi gurudumu ligome kuzunguka, kanyaga pedali mara moja shuu zijipange katikati, kaza tena, kisha rudisha kidogo kidogo hadi gurudumu lizunguke kwa mkwaruzo mwepesi. Mkwaruzo mwepesi ni sawa. Gurudumu linalozunguka kimya kabisa limerudishwa kupita kiasi.

Kuna mtego mwingine upande huu unaoletwa na mabadiliko yenyewe. Masta nyingi za drami zilikuwa na kivali kidogo mlangoni kinachoacha presha ya takriban psi 10 (pauni kwa inchi ya mraba) kwenye paipu hata mguu ukiondoka. Presha hiyo hushikilia raba za wili silinda zisivute hewa. Ukitoa masta hiyo na kufunga ya diski, kivali kimeondoka. Wili silinda zenye springi na kikombe cha kupanua raba hazijali. Za zamani zisizo na vikombe hivyo hunyonya hewa kidogo kidogo, na pedali inayokuwa nzuri Jumatatu inakuwa laini Ijumaa bila tone kuvuja. Ongeza kivali cha psi 10 kwenye paipu ya nyuma, au funga wili silinda zenye vikombe. Upande wa diski kivali cha psi 10 ni sumu, kitaziacha pedi zikisugua siku nzima. Kama masta iko chini ya sakafu, chini ya usawa wa kalipa, diski zinahitaji cha psi 2 ili fluidi isirudi yenyewe. Masta iliyo juu kwenye ukuta wa injini haihitaji hata hicho.

Masta inatosha?

Kalipa ya Toyota yenye pistoni nne ndiyo inayopendwa kwa kazi hii, na ndiyo inayomeza fluidi. Hapa hesabu za mafundi wengi huteleza: kwa nguvu ya kubana unahesabu pistoni za upande mmoja, lakini kwa fluidi unahesabu zote. Tuseme kila pistoni ina kipenyo cha milimita 43, eneo la 1,452. Pistoni nane kwa kalipa mbili ni 11,618. Zikisogea milimita 0.2 tu kila moja, ambayo ni nafasi ya kawaida ya sili kuivuta pistoni nyuma, zinataka sentimita za ujazo 2.3. Masta ya inchi 3/4, yenye eneo la 285, inalazimika kwenda milimita 8.2. Masta ya inchi 1 inakwenda 4.6.

Sasa weka diski iliyopinda au beringi iliyolegea, pistoni zisogee milimita 0.5. Masta ya 3/4 inahitaji milimita 20.4. Kwa wenzo wa 6 kwa 1 hiyo ni sentimita 12 za pedali, yaani sakafu. Masta ya inchi 1 ingehitaji milimita 11.5, sentimita 7 kwa wenzo huo huo. Tena masta ya vyumba viwili haitoi urefu wake wote kwa mbele. Kila chumba kina sehemu yake, na chumba kidogo kikiunganishwa na kalipa za mbele kitaisha kabla hazijabana. Hakikisha tundu lenye kikopo kikubwa ndilo linalolisha diski. Kikopo kidogo cha drami kina shida yake: pedi zikichakaa, pistoni hutoka na fluidi hushuka kikoponi. Usipokitazama, masta inaanza kunyonya hewa.

Kipenyo huandikwa ubavuni mwa masta nyingi za Kijapani: 13/16, 7/8, 15/16, 1. Kama hakionekani, pima pistoni kwa vania.

Lakini usikimbilie kubwa. Kutoka 3/4 hadi inchi 1, presha inayopatikana kwa mguu ule ule inapungua kwa asilimia 44. Gari lisilo na busta litakuwa na pedali ya juu, nzuri kwa kugusa, na haliwezi kusimama. Kutoka 3/4 hadi 7/8 unapoteza asilimia 27, na hiyo mara nyingi ndiyo hatua ya kutosha. Masta kubwa pia huficha makosa. Anayeifunga ili kuziba diski inayoyumba amenunua muda tu. Rekebisha nafasi kwanza, badilisha masta mwisho.

Fimbo: milimita moja inayogharimu

Kati ya ncha ya fimbo na kiti chake ndani ya pistoni ya masta inatakiwa nafasi ndogo, nusu milimita hadi moja. Masta ya gari lisilo na busta mara nyingi ina shimo refu nyuma ya pistoni. Ya gari lenye busta ina shimo fupi. Ukioanisha masta ya shimo refu na fimbo ya busta, kunaweza kubaki nafasi ya milimita kadhaa, na kila milimita ya hapo inazidishwa na wenzo wa pedali. Pengo la milimita 5 kwa wenzo wa 4 kwa 1 ni sentimita 2 zilizopotea bila fluidi kusogea hata tone.

Kupima: bandika kidonge cha plastisini ya watoto wa shule kwenye ncha ya fimbo, funga masta na nati zake, fungua tena, pima unene uliobaki. Rekebisha fimbo kwa nati yake, au chonga kofia ya ncha kwa mashine ya leithi. Juu kwenye pedali acha mchezo wa milimita 3 hadi 6 unaousikia kwa kidole.

Wapo wanaotibu pedali ya chini kwa kuirefusha fimbo mpaka nafasi iishe. Pedali inapanda kweli, mwenye gari anafurahi, anaondoka. Kinachofuata ni hiki: pistoni ya masta hairudi mwisho, tundu dogo la kurudishia fluidi linabaki limezibwa, na fluidi ikipata joto inapanuka bila pa kwenda. Breki zinajikaza zenyewe, joto linaongezeka, zinajikaza zaidi. Gari linaloteremka Sachangwan kuelekea Salgaa katika hali hiyo linafika chini na diski zimebadilika rangi. Kujua kama ndivyo ilivyo, legeza nati ya paipu kwenye masta wakati gurudumu limekwama. Likiachia, kosa ni fimbo au masta. Likiachia tu unapofungua nipeli ya kalipa, hosi imeziba ndani.

Pistoni zinazorudishwa nyuma

Dalili ni ya pekee. Uwanjani pedali ni nzuri. Ukitoka barabara ya mawe ya shambani, au ukipinda kona kali, mkanyago wa kwanza unakwenda chini na wa pili uko juu. Kuna kitu kinachosukuma pedi mbali na diski unapotembea.

Anza na beringi za mbele. Inua gurudumu, lishike juu na chini, litikise. Drami ilivumilia mchezo mdogo, diski haivumilii. Kaza beringi za koni kama kitabu cha gari kinavyoelekeza, ufunge kwa nati ya pili na wasa yake.

Kisha diski. Funga geji ya saa kwenye mkono wa stearingi, ncha yake iguse diski sentimita moja kutoka ukingoni, zungusha gurudumu mara moja. Zaidi ya milimita 0.1 ni nyingi, na 0.05 ndiyo ya kulenga. Diski mpya inayoyumba mara nyingi haina kosa. Kutu au rangi kwenye uso wa habu ndiyo inayoiinamisha, kwa kuwa punje ndogo karibu na kitovu hukuzwa ukingoni. Safisha habu kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae. Diski ikizidi bado, izungushe tundu moja la bolti, upime tena, kabla ya kuipeleka leithi. Ukiichonga, angalia unene wa chini ulioandikwa kwenye diski yenyewe.

Kwa waliogeuza ekseli ya nyuma pia: ekseli ambayo nusu shafti inacheza ndani na nje haifai kalipa zenye pistoni pande zote mbili. Kila kona shafti inasogeza diski, diski inasukuma pistoni. Kalipa inayoteleza kwenye pini hufuata diski na haisumbui hivyo. Na kalipa za nyuma zenye hendibreki ndani yake, zile ambazo pistoni hurudishwa kwa kuizungusha, zina tabia yao: skrubu ya ndani isipokuwa imesogezwa karibu na pedi, pistoni hurudi mbali kila mara na pedali haipandi kamwe. Vuta na uachie wenzo wa kalipa mara 30 au 40 pedi zikiwa zimefungwa, hadi wenzo uwe na mwendo mfupi, ndipo uunganishe waya wa hendibreki.

Braketi

Mwambie mtu akanyage kwa nguvu, wewe ukiwa chini na tochi. Kalipa ikiinama, ikijipinda, au braketi ikipumua, pedali yako iko hapo. Bamba la milimita 6 lililokatwa kwa moto halitoshi hata lionekane zito. Milimita 12 ya chuma laini kilichochongwa ubapa ni ya kuaminika. Kalipa iwe sambamba na diski: pima kwa fila geji nafasi kati ya diski na mdomo wa kalipa, juu na chini, ndani na nje. Kalipa iliyoinama huzipinda pedi kabla hazijabana, na mguu husikia mruko ambao mtu ataapa ni hewa. Pini za kalipa ya kuteleza zipakwe grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida huvimbisha raba, pini hukwama, na upande mmoja wa kalipa ndio unaofanya kazi yote. Pedi kuukuu zilizochakaa mshazari kutoka gari lingine usizirudishe.

Kutoa hewa, sasa ikiwa zamu yake imefika

Masta itolewe hewa kwanza, kwenye vaisi au ikiwa imefungwa garini bila kuinama kwenda mbele. Funga paipu fupi kutoka matunduni kurudi kikoponi, sukuma pistoni polepole hadi mapovu yaishe. Hewa iliyobaki ndani ya masta haisafiri hadi magurudumuni. Inabanwa na kuachiwa hapo hapo.

Kwa gari la usukani wa kulia lenye masta upande huo, anza nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Hosi angavu kutoka nipeli iingie ndani ya fluidi kwenye chupa. Msaidizi akanyage polepole, ashikilie, wewe ufungue robo duru, ufunge, ndipo aachie. Kuachia kabla nipeli haijafungwa hunyonya hewa na kukurudisha mwanzo. Kukanyaga haraka huvunja povu kubwa kuwa mengi madogo. Lita moja inatosha mfumo mzima, pamoja na kusafisha.

Ukitumia pampu ya kuvuta, mapovu madogo yasiyoisha huenda yanapita kwenye nyuzi za nipeli, hayatoki ndani. Usiyafukuze mpaka usiku. Kama gari lina vali ya nyuma inayofuata uzito wa mzigo, angalia kama ina nipeli yake na uitoe hewa pia. Isipotolewa, nyuma itabaki laini.

Inapotea ikiwa moto

Pedali nzuri pale Mau Summit na laini Salgaa, kisha nzuri tena baada ya kupoa, ni fluidi iliyochemka. DOT 3 mpya huchemka kwa nyuzi joto 205 za Selsiasi, ikishanyonya maji kwa 140. DOT 4 ni 230 na 155. Kisumu, hewa yenye unyevu wa ziwa haisubiri chupa iliyoachwa wazi. Nunua iliyofungwa kwa sili, na ubaki wa mwaka jana uutupe. DOT 5 ni silikoni, haichanganywi na hizo, na hushika vipovu vidogo kiasi kwamba pedali haikazi. Mafuta ya injini au ya giaboksi ya otomatiki yakiingia kikoponi hata kidogo, raba zote zinavimba, na hapo zinabadilishwa zote, kuanzia masta hadi kalipa.

Fluidi mpya ikichemka, kuna breki inayosugua: rudi kwenye fimbo na kile kivali cha psi 10.

Jaribio la kwanza lifanyike uwanja tambarare, mwendo wa kutembea, hendibreki ikiwa imethibitishwa. Kisha mikanyago kumi hivi ya kupunguza mwendo kutoka kilomita 50 kwa saa hadi 10 bila kusimama kabisa, ukiacha nafasi ya kupoa kati ya mmoja na mwingine, ili pedi zikubaliane na diski. Pedali hupanda kidogo baada ya hapo. Baada ya kilomita 100 kaza tena bolti za braketi, pima fluidi kikoponi, na urudie shuu za nyuma kabla ya kulipeleka gari mteremko wa Riat kuingia Mamboleo.